Kabla ya Kupanda Meli Kilindini: Ami Anajibu Barua Zenu

Kaskazi ikishaanza kuvuma najua barua zitakuja, na mwaka huu zimekuja kwa fujo. Zamani nikiulizwa habari za meli za watalii ni watu waliotaka kujua inaingia lini wapeleke vinyago na leso kuuza, saa hii wanaouliza ni abiria wenyewe, watu wa huku kwetu wanaotaka kupanda, na mimi nafurahi kwa sababu miaka yote niliyofanya kazi ya kupokea meli hapo gatini, Waswahili niliowaona wakipanda kama wageni walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Nimechagua barua chache, zingine nimezikata, maana kuna mtu ameniandikia kurasa tatu za ugomvi wake na shemejiye na mstari mmoja tu wa meli.

*Ami, shikamoo. Watoto wetu walioko Uingereza wametulipia mimi na mzee wangu safari ya meli siku kumi na mbili, tunasherehekea miaka 40 ya ndoa. Tiketi inasema kupanda ni 12:00 mpaka 16:00 alafu meli inatoka 18:00. Mzee anasema hiyo 12:00 ni saa kumi na mbili jioni, kwa hivyo tuko na siku nzima, tulale Nairobi tushike SGR ya asubuhi siku hiyo hiyo. Mimi roho yangu haijatulia. Nani ako na haki?*
*Mama wa watoto wanne, Nakuru*

Marahaba mamangu, na hongera, miaka 40 si mchezo. Roho yako ndiyo iko na haki, mwambie mzee pole pole asione tumemshinda.

Saa za tiketi ni saa za kizungu siku zote. 12:00 ni saa sita mchana, 16:00 ni saa kumi jioni, na 18:00 ndiyo saa kumi na mbili anayoifikiria mzee, yaani wakati ambao kamba zinafunguliwa na yeye atakuwa amesimama na begi akiangalia meli inavyozunguka kama duka linalohama. Na usicheke, mimi nimewahi kumshuhudia mtu mzima, mwalimu, akifika getini saa kumi na moja na nusu jioni na tabasamu, ameoga, amejipulizia manukato, kumbe aliisoma 12:00 kama alivyoisoma mzee wako. Orodha ya abiria ilikuwa imeshafungwa na kupelekwa uhamiaji. Orodha ikishafungwa hata nahodha akikuonea huruma hakuna anachoweza kufanya, kwa sababu rubani wa bandari ameshapangiwa saa, tagi, zile boti za kuvuta meli, zimeshapangiwa saa, na meli nyingine iko nje inangoja njia.

Sasa hiyo treni. Ya saa mbili asubuhi kutoka Nairobi inafika stesheni ya Miritini kama saa nane mchana, kwa sababu safari ni saa tano mpaka sita hivi kutegemea inasimama vituo vingapi. Ukipiga hesabu kwenye karatasi unaona mmebakisha saa mbili, inatosha. Kwenye karatasi. Toa muda wa kushuka na watu zaidi ya elfu moja wote wanatafuta mlango mmoja, toa muda wa kutafuta gari, toa jam ya Changamwe ambayo lori moja likiharibika mbele inakula saa nzima bila kuomba radhi, alafu toa muda wa getini, maana bandari ni eneo la ulinzi, si stendi ya matatu, teksi yoyote tu haiingii, unaonyesha tiketi na pasipoti, begi linapita kwenye skana, ndiyo unafika ukumbi wa abiria pale gati nambari moja. Hapo bado foleni ya uhamiaji hujaianza. Hizo saa mbili zimebaki wapi?

Njooni siku moja kabla. Kama watoto wamelipa pesa yote hiyo ya meli basi lala Mombasa usiku mmoja kwa pesa yako mwenyewe, kula biriani, lala, asubuhi amka bila presha. Nauli ya SGR daraja la chini tangu mwanzo wa 2024 ni shilingi 1,500, haibadiliki mkija Jumanne au Jumatano. Na siku ya kupanda msingoje saa kumi, fikeni kama saa saba, wale wa mapema wameshapungua na wale wa dakika ya mwisho hawajafika kusukumana.

*Ami, mi na mume wangu tumebuku meli inayopita Zanzibar, Nosy Be, Réunion na Mauritius. Ajenti ametwambia Mkenya haitaji visa popote kwenye hiyo ruti. Mume wangu ana visa ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, bado iko hai, mimi sina. Tuko sawa ama?*
*Nesi wa Eldoret*

Dadangu, hamko sawa, na nyote wawili, sio wewe peke yako.

Zanzibar mnaingia bila visa, sisi ni jumuiya moja, ila pasipoti mbebe. Kitambulisho kinakupeleka Uganda na Rwanda lakini Tanzania hawakubali. Nosy Be ni Madagascar, visa wanakupa ukifika. Mauritius hawatudai visa. Shida iko kwenye hilo neno Réunion ambalo ajenti amelipita mbio. Réunion kiko huku kwetu Bahari ya Hindi, karibu na Mauritius, lakini ni Ufaransa, mkoa wa Ufaransa kabisa, wanatumia yuro. Mkenya anahitaji visa kuingia. Na hapa ndipo wengi wanapoangukia: Schengen ya mume wako haimsaidii, kwa sababu Réunion ni Ufaransa lakini haimo ndani ya eneo la Schengen, ina visa yake ya peke yake inayoombwa kwa jina la hicho kisiwa. Na ukisikia meli yenu imebadilishiwa njia ikapitia Mayotte pale Komoro, ni yale yale, nayo ni Ufaransa.

Utaniambia, si basi siku ya Réunion sisi tutabaki ndani ya meli tunywe chai. Wangapi wameniambia hivo. Kampuni za meli kwa kawaida hukagua karatasi za bandari zote za ruti siku ya kwanza, pale chini ya ngazi, na kama moja inakosekana wana haki ya kukukatalia kupanda bila kukurudishia hata senti, imo kwenye yale maandishi madogo uliyoweka tiki bila kusoma. Pigeni simu kwa kampuni yenyewe leo, si kwa ajenti, muwaulize kwa maandishi, wajibu kwa maandishi. Na mkiwa hapo fungueni pasipoti muangalie tarehe ya mwisho, iwe imebaki na miezi sita baada ya safari kuisha, si baada ya safari kuanza. Na kurasa tupu. Nesi, wewe ndiye utaangalia, waume huwa wanasema nimeangalia bila kuangalia.

*Kadi ya homa ya manjano nilidungwa 2011, imeandikwa itaisha baada ya miaka kumi. Nidungwe tena? Na kuna kijana ananiambia anaweza kunitengenezea kadi bila sindano.*
*Fundi, Malindi*

Usidungwe. Tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha, sindano moja ni ya maisha, hata kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi inahesabika ya maisha. Ibebe hiyo hiyo kadi, ile ya manjano, si picha yake kwenye simu. Kenya iko kwenye nchi zenye hatari ya huu ugonjwa kwa hivyo Zanzibar, Ushelisheli, Madagascar, Mauritius, wote wana haki ya kukuuliza ukitoka huku.

Kwa ambaye hajawahi kabisa, aende kituo kinachotambuliwa, na aende mapema, kwa sababu kadi inaanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, kwa hivyo ukidungwa Jumatatu ukapanda meli Ijumaa ni kama hukudungwa. Mwenye zaidi ya miaka 60, mjamzito, mwenye kinga hafifu, au anayedhurika na mayai, aongee na daktari kwanza, wapo wanaopewa barua ya kusamehewa badala ya sindano.

Na huyo kijana wa kadi bila sindano, fundi, wewe mwenyewe ukijengewa nyumba bila msingi utaingia ulale?

*Salam Ami. Naruhusiwa kubeba miraa kidogo ya kutumia mwenyewe? Meli inaanzia Zanzibar.*
*Jina ninalo*

Hapana. Kwetu ni zao la biashara, Tanzania wanaiita mirungi na iko kwenye sheria ya dawa za kulevya pamoja na bangi, na "kidogo ya kutumia mwenyewe" ndiyo maneno ambayo kila aliyeshikwa ameyasema. Meli nayo ina mbwa wake na skana zake. Na mifuko ya plastiki usipakie vitu ndani yake, Zanzibar ilipiga marufuku kabla yetu, Kenya 2017, Tanzania bara 2019. Jina unalo, basi liweke safi.

*Ami hujambo. Mi nikipanda feri ya Likoni tu hiyo dakika kumi kichwa kinazunguka. Mke wangu ameng'ang'ania meli. Siku saba baharini si nitakufa? Niambie ukweli.*
*Mnyonge wa Mtongwe*

Sijambo ndugu yangu. Nikuambie ukweli, feri ya Likoni haikulevyi kwa sababu ya bahari, inakulevya kwa jua, moshi wa lori, jasho la watu na ile hali ya kusimama katikati ukisukumwa huku na huku na mtu mwenye gunia la mbatata. Meli ni kitu kingine. Ni nzito, ni pana, na nyingi zina mabawa fulani chini ya maji yanayotoka ubavuni kupunguza kuyumba. Wengi wanalala usiku wa kwanza wakiuliza kama imeshaondoka.

Lakini nisikudanganye eti hutasikia kitu. Inategemea unasafiri lini. Kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi hivi, bahari yetu huwa na adabu, ndiyo maana meli za watalii zinakuja wakati huo. Kusi ikishaingia, Mei, Juni, Julai, hata wavuvi wazee wanakunja nyavu. Lakini kumbuka ukivuka kwenda chini Madagascar na Mauritius, huko hiyo hiyo miezi ya kaskazi ndiyo miezi yao ya vimbunga, kwa hivyo meli inaweza kubadilisha njia na ukijikuta bandari ambayo hukuilipia usipige kelele mapokezi, wanakukwepesha kimbunga.

Cha kufanya: kama kabini hamjachagua, chukueni ya katikati ya meli na sitaha za chini, si omo (mbele) wala tezi (nyuma), maana meli inayumba kama bembea ya mbao, walioko mwishoni ndio wanaorushwa. Wanaotaka kabini ya juu kabisa kwa sababu ya mandhari wawaachie wenye matumbo ya chuma. Dawa ya kuzuia kutapika inamezwa kabla, si ukishaanza. Nenda duka la dawa uwaambie unasafiri majini, kama una sukari, presha, tezi dume au unameza dawa nyingine yoyote uwatajie, maana hizi dawa zingine zinaleta usingizi na hazipatani na kila mtu. Meza mapema kama wanavyokuelekeza. Tangawizi inasaidia, itafune au uichemshe chai. Usikae na njaa ukidhani tumbo tupu halina cha kutapika, tumbo tupu ni baya zaidi. Na ikikupata, toka nje upigwe na upepo, tazama mstari pale bahari na mbingu zinapokutana, usiangalie simu. Simu ndiyo adui mkubwa, mtu anatapika huku anaandika status.

*Naomba kuuliza, pesa ya huko ndani ni gani? Naweza kutumia M-Pesa? Na simu itashika?*
*Mfanyabiashara wa Kongowea*

Ndani ya meli hutaona pesa. Siku ya kwanza unapewa kadi, hiyo kadi ndiyo ufunguo wa kabini, ndiyo kitambulisho cha kushuka na kupanda, na ndiyo pochi. Ukinunua soda wanaigusisha tu, hesabu inaandikwa, mara nyingi kwa dola au yuro, unalipa mwisho. Na hapo ndipo mfanyabiashara kama wewe anapopata mshtuko maana haisikii kama pesa, unagusisha, unagusisha, siku ya mwisho unasukumiwa karatasi chini ya mlango usiku.

Watataka kadi ya benki ya kushikilia hesabu yako. Piga simu benki yako kabla uwaambie unasafiri na nchi gani, la sivyo mashine yao itaona matumizi ya ajabu kutoka katikati ya bahari na kuifunga kadi. Kama huna kadi, nyingi zinakubali uweke dola taslimu kama akiba kisha unarudishiwa kilichobaki. Dola ziwe noti mpya mpya, safi, hazikuchanika, noti za zamani huku kwetu zinakataliwa hata na watu ambao hawajui kwa nini wanazikataa. M-Pesa haifanyi kazi ndani, shilingi pia weka kidogo tu ya teksi ya kurudi. Kitu kingine: bakshishi. Meli nyingi zinakata bakshishi ya wahudumu kwa kila kichwa kwa kila siku, mpaka mtoto, na haikuwa kwenye bei uliyolipa. Uliza kabla, zidisha kwa siku na kwa watu, utajua kama bado unaipenda hiyo safari.

Simu. Meli ikishatoka mbali na nchi kavu inawasha mtandao wake wenyewe wa setilaiti na simu yako, kwa kiherehere chake, itaurukia. Huo si roming ya kwenda Arusha. Kabla hamjaiacha minara ya Likoni weka simu hali ya ndege, ukitaka intaneti nunua kifurushi cha Wi-Fi cha meli, bei yake huwa nafuu kidogo ukikinunua kabla ya kupanda. Waage watu wako, waambie ukikaa kimya siku mbili hujafa.

Halafu saa. Zanzibar, Komoro na Madagascar saa zao ni sawa na zetu, lakini Ushelisheli, Mauritius na Réunion wako mbele yetu kwa saa moja. Simu inaweza kubadilika yenyewe au isibadilike. Ukishuka matembezi fuata saa ya meli, ile inayotangazwa asubuhi, vaa saa ya mkono ya kizamani uisete hiyo. Meli haingoji. Ukichelewa utajitafutia ndege ya kuifuata bandari inayofuata, kwa gharama yako.

*Ami, mimi ni mgonjwa wa sukari, natumia insulini. Naweza kubeba na friji ndogo? Pia nataka kubeba pasi na heta ya kuchemshia maji maana chai ya watu wengine siiwezi.*
*Bi mkubwa, Kisauni*

Shikamoo Bi mkubwa. Pasi, heta, birika la umeme, mshumaa, jiko la aina yoyote, vyote vitachukuliwa mlangoni na utapewa siku ya kushuka. Si ukali, moto ndio kitu baharia anachokiogopa kuliko mawimbi, huwezi kukimbilia nje. Hata soketi za kuunganisha nyingine hawazitaki. Beba adapta tu, kwa sababu plagi zetu za miguu mitatu mara nyingi haziingii, meli nyingi zina za Marekani na za Ulaya. Friji usibebe, waandikie sasa hivi kwamba una insulini, kabini nyingi zina kafriji au watakuletea, na watakupa kile kidude cha kutupia sindano.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Begi kubwa ukifika gatini unalifungia lebo yenye namba ya kabini, linachukuliwa na wapagazi, na hamtaonana tena mpaka jioni, wakati mwingine usiku meli imeshatoka. Kwa hivyo dawa zako zote, barua ya daktari, kipimo cha sukari, miwani, chaja, nguo moja ya kubadilisha na kitu cha kutafuna, viwe kwenye begi la mkononi. Insulini haswa, isipande juu ya toroli kuachwa kwenye jua la Kilindini. Beba dawa za siku kadhaa zaidi ya safari, meli ikichelewa.

Na pasipoti! Mwaka mmoja alikuja bwana mmoja mpole sana, alifungasha vizuri, kila kitu kwenye mkoba wake na mkoba ndani ya sanduku, sanduku likachukuliwa, akafika dirisha la uhamiaji akajipapasa mifuko yote. Masanduku mia nane yako chini kwenye vizimba. Tulishuka mimi na vijana watatu tukatafuta sanduku la kijani, unajua dunia ina masanduku ya kijani mangapi? Tulilipata, jasho limetuchuruzika, na yeye akatuuliza kama tumeona pia miwani yake.

Chai, Bi mkubwa, beba majani yako na iliki yako, maji ya moto yapo saa zote. Chakula waambie mapema unataka halali, si siku ya kwanza mezani. Maembe, ndizi, samaki mkavu usivitoe nje ya meli ukishuka visiwani, Ushelisheli hasa hawataki tunda wala mbegu ya mtu.

*Nafunga ndoa mwezi ujao, fungate tumelipia meli siku kumi. Sasa... nina ujauzito wa wiki 21. Kwenye safari nitakuwa nimefika 25 au 26. Mama hajui. Nitakatazwa?*
*Bi harusi*

Utakatazwa binti yangu. Meli karibu zote hazipokei mjamzito atakayefikisha wiki 24 wakati wowote wa safari, hawaangalii siku ya kupanda bali siku ya kushuka. Ndani kuna daktari na zahanati lakini si wodi ya kujifungulia, na helikopta haipatikani katikati ya bahari hii yetu. Waandikie leo na barua ya kliniki uombe kubadilisha tarehe, wengine wanakubali kuhamisha au kurudisha pesa ukiwaambia mapema, ukificha wakagundua gatini hupati kitu. Nendeni baada, mtoto akipita miezi sita wengi wanampokea, kwa safari ndefu za bahari kuu wanataka mwaka. Fungate fanyeni Watamu. Na mama yako anajua, wanajuaga.

*Maharamia bado wapo? Watoto wananiuliza na mimi sina jibu.*
*Baba Pili, Voi*

Wasiwasi wako una sababu. Novemba 2005 meli ya watalii Seabourn Spirit ilishambuliwa na maharamia pwani ya Somalia ikija hapa hapa Mombasa, na haikufika, ikageukia Ushelisheli. Aprili 2009 ikawa zamu ya MSC Melody karibu na Ushelisheli, nayo ikaponyoka. Baada ya hapo meli zikatukimbia, miaka ile gati lilikuwa linaota nyasi kwa upande wa watalii na mimi nilirudi kuuza vipuri. Doria za manowari zikapunguza mambo mpaka Januari 2023 wenye meli wakaliondoa eneo hili kwenye orodha yao ya hatari kubwa. Mwisho wa 2023 matukio kidogo yalirudi upande wa Somalia, na huko Bahari ya Shamu ndiko kulikochafuka mpaka meli nyingi zikazunguka kusini. Lakini ruti yako ya kutoka Mombasa kushuka Zanzibar na Madagascar inampa Somalia mgongo, na mpaka leo maharamia hawajawahi kuiteka meli ya watalii ya aina hiyo ikiwa na abiria wake.

Waambie watoto jambo watakalolisikia kweli: honi saba fupi na moja ndefu. Hiyo ni ishara ya dharura, na watafanyishwa mazoezi yake kabla meli haijatoka au ikitoka tu, kila mtu aende kituo chake ajue koti la kuokolea liko wapi. Zamani mazoezi yaliweza kungoja mpaka siku ya pili, ikaja ajali ya Costa Concordia Italia Januari 2012, watu 32 wakafa, na kati ya abiria walikuwemo waliopanda siku hiyo hiyo na hawakuwa wamefundishwa kitu. Sheria ikabadilishwa. Usiwafiche watoto kabini wakati wa mazoezi ati wamechoka.

*Ami, mi mzee wa Likoni, nimevuka hiki kivuko maisha yangu yote na kila meli kubwa ikipita feri zetu husimama kuingojea. Sasa mwanangu amenikatia tiketi, na mimi nitakuwa juu. Wajukuu watakuwa Mama Ngina wanipungie mkono. Nisimame wapi wanione?*
*Babu wa Shelly*

Shikamoo babu. Hii ndiyo barua niliyoipenda kuliko zote, nimeiweka mwisho makusudi.

Ukimaliza mazoezi ya koti panda sitaha ya juu iliyo wazi, mapema, kabla wazungu hawajajaza kingo na kamera. Angalia omo ilipo, alafu simama upande wa mkono wako wa kushoto. Meli ikitoka Kilindini kwenda bahari kuu, kisiwa kinakuwa kushoto na Likoni kulia, haibadiliki. Itapita Mbaraki, itafika kivukoni, na hapo kimbia mara moja upande wa kulia uone feri zimesimama zinakungoja wewe, kisha rudi kushoto haraka kwa sababu Mama Ngina inakuja palepale. Wajukuu wakae pale kwenye ukuta, si nyuma kwenye mihogo na madafu, na wabebe leso nyekundu ya bibi yao waipeperushe, maana kutoka juu watu wote wanafanana. Wewe vaa kanzu nyeupe. Usivae kofia, upepo wa nje ya mlango utaichukua kabla hujafika mnara wa taa.